Nani Atamwosha Mwalimu

Mwalimu Barthélemy alifariki alfajiri ya Alhamisi, na kabla umande haujakauka kwenye majani ya mihogo tayari maiti yake ilikuwa na wenyewe wawili. Mmoja alikuwa shule ya misioni ya pale Buleusa, alikofundisha tangu ujana hadi meno yalipomtoka. Wa pili alikuwa Léontine, binti yake mkubwa, aliyemlisha uji kwa kijiko tangu alipoanguka kitandani, na ambaye jana jioni tu alikuwa amempa ahadi.

Ahadi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee alimshika mkono akasema, "Zaina, Selemani njo anioshe. Usiache banizike na jina ya kanisa." Naye akakubali kwamba Selemani ndiye atakayemwosha. Zaina ni jina la nyumbani la Léontine. Watoto wa mwalimu walikuwa na majina mawili kila mmoja: la shule, ambalo huitwa nalo barabarani, na la nyumba, ambalo huitwa nalo mlango ukishafungwa. Yves, mdogo wake, nyumbani ni Yusufu. Na mwalimu mwenyewe, kabla mapadri wa Kizungu hawajammwagia maji kichwani ili apate nafasi ya kukaa kwenye benchi, alikuwa Ramazani.

Enzi za Wabelgiji mambo yalikwenda hivyo, wala hapakuwa na haja ya kumchapa mtu fimbo. Shule ilikuwa moja na mlango wake mmoja, batizo. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kalamu alivua jina lake nje kama mtu anavyovua viatu vya matope, na wengi hawakulikuta tena walipotoka. Wabelgiji wakaondoka, uhuru ukaimbwa na kuchezewa ngoma, mlango ukabaki palepale. Siku hizi mwanafunzi haulizwi dini yake. Lakini mwalimu haajiriwi pale bila karatasi ya batizo, na Yves ni mwalimu.

Tusidanganyane, kijiji kizima kilijua. Kila mwaka mwezi wa mfungo ulipoingia, mwalimu alishikwa na ugonjwa wa tumbo. "Tumbo ya mwalimu imefika," majirani walitaniana, na wake za walimu wenzake walimletea dawa ya majani. Alipokea, akashukuru, akaimwaga nyuma ya choo. Jumapili alikuwa kanisani mstari wa mbele, koti limepigwa pasi. Watu walinyamaza kwa sababu alikuwa mtu mwema, na kumfunua mtu mwema ni ukosefu wa adabu. Hivyo ndivyo siri ya wote inavyokaa muda mrefu kuliko siri ya mmoja.


"Nimeisha ambia direkta," Yves alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, shati la kazi mwilini, vifungo bado wazi. "Shule itatoa sanduku. Korali itaimba. Padri atafika Jumamosi, siku ya posho, atasoma misa."

Léontine alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Siku ya posho? Leo ni Alhamisi, Yusufu. Mwislamu hangojeshwi siku zote hizo. Baba anazikwa leo."

"Usiniite vile. Batu bako inje."

"Hata leo?"

"Leo zaidi."

Bibiche, mke wa Yves, alikuwa akipuliza moto chini ya sufuria kubwa ya wageni. Ni mwanamke anayesema lake bila kulizungusha. Aliinua uso, moshi umemjaa machoni. "Dada, miye sina neno na dini ya muntu. Miye nauliza moja tu. Yves akifukuzwa kazi, batoto batakula nini? Batakula sanda?"

"Nilimuahidi baba."

"Na miye, nani aliniahidi?" Yves alisema, na sauti yake ikapanda kabla hajaishika. "Yeye mwenyewe alinishika mukono akanipeleka mu batizo. Nilikuwa nalia. Akaniambia, mutoto, jina ni koti tu, baridi ikiisha utavua. Sasa niko na imvi, Léontine. Baridi haijaisha."

Léontine alimpenda mdogo wake, naye alijua kwamba ni mshahara wa Yves ulionunua dawa za mzee, na sabuni ya kufulia shuka zake. Lakini ahadi kwa mtu anayekufa ni mzigo ambao hauna pa kuutua. Alifunga kitenge kiunoni, akachukua mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika, akatoka.


Selemani alikuwa fundi cherehani. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, kando ya msikiti mdogo wa udongo, na kwa kuwa Waislamu wa Buleusa walikuwa nyumba chache, yeye ndiye aliyewasalisha, akawafungia ndoa na kuwaoshea wafu. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeigusa maiti hiyo kama Selemani angekataa. Léontine alimkuta barazani, amejiinamia juu ya mashine. Alikuwa akishona sketi ya bluu ya shule.

"Mwalimu ametuacha, Papa Selemani."

"Nimesikia. Pole."

Hakumkaribisha kiti. Kilikuwapo kimoja, na juu yake kulikuwa na vitambaa, na Selemani aliviacha hapohapo. Mvua ya asubuhi ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye bati, tone moja moja, juu ya bega la Léontine, kwa kuwa baraza lilikuwa jembamba na yeye alikuwa amesimama ukingoni.

"Alisema wewe njo umuoshe."

Mashine ilishona pindo lote la sketi hadi mwisho. Ndipo mzee alipoinua mguu.

"Alisema Selemani? Alitaja jina?"

"Alitaja."

"Basi alikuwa analikumbuka." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Miye nilikuwa na miaka nane. Nilikuwa nimeingia mu shule yake mwezi moja tu. Padri akagundua sijabatizwa, akasema nitoke. Mama yangu akaleta kuku. Akapiga magoti mbele ya mwalimu, batoto bote banaangalia. Akasema, Mwalimu, mutoto asome, lakini jina yake umuachie. Unajua baba yako alimujibu nini?"

Léontine alitikisa kichwa.

"Batizo kwanza, mama. Bila batizo hakuna benchi. Akasema kwa nguvu, sababu padri alikuwa ku dirisha. Akanionyesha mulango na mukono yenye chaki. Na ile siku ilikuwa Ijumaa. Jioni alikuja kwetu kusali, nyuma ya baba yangu, kama kawaida yake. Mama yangu alimutandikia mukeka."

Selemani alivaa miwani tena. Mbuzi alilia mahali fulani sokoni.

"Ule padri sina neno naye," Selemani aliendelea. "Alikuwa mugeni, hakujua hata tunaitwa nani. Lakini baba yako alinijua. Alinijua kabisa, na akaniacha."

Léontine hakuwahi kuisikia habari hiyo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alimchukia baba yake, aliyelala peke yake nyumbani chini ya shuka, halafu akaogopa chuki yake mwenyewe na machozi yakamtoka.

"Baba alikosa," alisema. "Sina neno ya kumutetea. Lakini hakuna mwingine, Papa. Nikikosa wewe, banamutia mu sanduku na shati na viatu, bila maji, bila sala."

Mzee akaondoa vitambaa kwenye kiti, lakini Léontine hakukaa.

"Nitakuja," alisema Selemani. "Lakini siingii na mulango ya nyuma. Maisha yake yote alisali kwa kufichama. Miye sitamuosha kwa kufichama. Nitasimama katikati ya lupango, pale uwanjani, nitauliza mbele ya bote, naitiwa kuosha nani? Na mutoto wake mwanaume njo atanijibu. Hapana wewe. Yeye, mwalimu."

"Atapoteza kazi."

"Miye nilipoteza shule."

Akakanyaga mashine tena. Sketi ile ilikuwa ya watu na walikuwa wanaingoja.


Alasiri ilipokaribia, uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Viti vya parokia vilipangwa chini ya hema, na wanafunzi wa Yves, mashati meupe na kaptula na sketi za bluu, walikaa chini kwenye majani kwa mistari, kama darasani. Mbele yao, juu ya meza mbili, lilikuwapo sanduku la mbao mpya, na ubavuni mwake jina limeandikwa kwa rangi nyeupe: BARTHÉLEMY.

Direkta Evode ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Alikuwa mtu wa Masisi, amefika Buleusa baada ya kulala misimu kadhaa chini ya plastiki katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na ni mzee Barthélemy aliyempokea na kumgawia kitanda. Alimpenda kweli. Angekuwa mtu mbaya kazi ingekuwa rahisi, lakini Evode hakuwa mtu mbaya. Alimsogelea Léontine, akamsemesha kwa Kifaransa kirefu kizuri, na Léontine, ambaye aliishia darasa la nne ili wadogo zake wasome, alijibu "merci" mahali pasipo pake. Wanakorali wawili walitazamana. Direkta akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama anayemwambia mtoto: "Nasema, mama, kanisa halisahau batoto bake. Jikaze."

Kisha akaona kitambaa cheupe alichojifunga kichwani hadi mabegani. "Na hii? Baambie bakupatie ya matanga, ya korali."

"Hii njo ya matanga," Léontine alisema.

Korali ilikuwa katikati ya wimbo Selemani alipoingia. Kanzu yake ilikuwa na matope kwenye pindo. Mkono mmoja alibeba birika, kwapani sanda imekunjwa, na nyuma yake walikuwapo wanaume wanne wenye kofia, wakiangalia chini. Wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine, wa mwisho akiwa msichana aliyefumba macho.

"Salaam alekum."

Aliyeitikia ni Léontine peke yake, na hakuitikia kwa nguvu.

Selemani alitua birika. "Nimeitwa kwa kilio hii," alisema. "Nauliza mbele yenu bote. Nimeitiwa kuosha nani?"

Direkta alisimama haraka, kwa adabu. "Papa, karibu. Lakini labda bamekudanganya. Hapa tuko na mukristo. Mwalimu Barthélemy alibatizwa, alifungia ndoa mu kanisa, bitabu biko."

"Sikuuliza bitabu, direkta. Nauliza mutoto wake."

Macho yote yakahamia kwa Yves. Alikuwa ameketi kando ya sanduku, na Bibiche alikuwa amemshika shati kwa nyuma, pale ambapo watu hawaoni. Yves alisimama. Shati likavutika, kisha Bibiche akaliachia. Mbele yake wanafunzi walikuwa wamenyoosha shingo wakimtazama, kama wanavyomtazama anapoandika ubaoni, tayari kunakili lolote litakalotoka.

"Baba yangu," Yves alisema. "Baba yangu aliitwa Mwalimu Barthélemy."

Selemani alitikisa kichwa, bila hasira. Ilikuwa kana kwamba alilitegemea. Akainama, akaokota birika lake, akageuka, na wale wanne wakageuka naye. Léontine alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye matope, akafunika uso kwa kile kitambaa cheupe.

Yves aliwaona wakifika kwenye ua. Aliiona kanzu yenye matope ikipinda kupita pengo la ua, na akajua kwamba mtu huyo hatarudi mara ya pili, na kwamba baba yake atalala ardhini bila kunawishwa uso, na yeye mwenye miguu na mdomo alikuwapo.

"Papa Selemani! Ngoja!"

Ilikuwa sauti ya darasani, ile inayomfikia aliyelala benchi la nyuma.

"Barthélemy ni jina ya shule," alisema. "Balimupatia ili asome. Baba yangu anaitwa Ramazani. Alisali, alifunga, munajua bote, hata ile tumbo munaijua. Umeitiwa kuosha Ramazani." Alipumua. "Na miye ni Yusufu, mutoto wake."

Mama mmoja wa korali alifanya ishara ya msalaba, mwingine akamkanya kwa kiwiko.

Direkta Evode alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Mwalimu Yves. Umefikiri mbele ya kusema?"

"Nimefikiri, direkta. Nimechelewa tu."

"Miye sina mamlaka ya kusahau kile nilisikia na masikio yangu. Unaelewa?" Alionekana kama mtu aliyepigwa na mwanawe. "Siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, kuja ku biro. Ulete funguo ya darasa."

Akawaashiria wanafunzi. Wakasimama, wavulana sita wakaliinua sanduku, na kwa kuwa halikuwa na kitu ndani lilipanda juu ghafla kuliko walivyotazamia, likagonga nguzo ya hema. Wakatoka nalo barabarani, jina likiwa upande wa watu. Mdogo mmoja akaanza wimbo kwa mazoea, mwenzake akamziba mdomo.

Bibiche alikuwa amejikunja jikoni akilia kwa sauti, na hakuwa akimlilia baba mkwe. Hakuna aliyemlaumu. Sufuria ya wageni iliunguza wali.


Walimwoshea chumbani, nyuma ya shuka lililotundikwa kwenye kamba. Yves alimimina maji na Selemani aliosha. Mzee alikuwa mwepesi, mifupa na ngozi. Selemani alifanya kazi yake bila haraka, na alipofika kwenye mkono wa kulia, ule wa chaki, alisimama. Aliushika, akaugeuza, akautazama. Yves, ambaye dada yake alikuwa amemwambia yote njiani kwenda kisimani, aliacha kumimina.

"Endelea," Selemani alisema. Akauosha mkono ule kidole kwa kidole, hadi chini ya kucha.

Sanda ilipokuwa tayari, aliuliza, "Ku kaburi tutamuita na jina ya mama yake. Mama yake alikuwa nani?"

Yves alikuna kichwa. "Mu karatasi ya batizo baliandika Maria."

"Huyo alikuwa muke wa katekista. Nauliza mama."

Léontine alijibu kutoka upande wa pili wa shuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa na kosa. "Hatujui, Papa. Hakumutaja hata siku moja. Tukiuliza alikuwa anatoka inje."

"Basi," Selemani alisema akifunga ncha ya sanda. "Ule asiyejulikana mama yake banamuita mwana wa Hawa. Sisi bote ni ba Hawa."

Alilisema kama neno la kufariji, nao walilipokea hivyo. Hata hivyo liliwauma.

Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa shamba la mihogo, mahali msitu unapoanzia. Kutoka barabarani majirani kadhaa walikuwa wamesimama wakitazama, wengine waliofundishwa na mzee huyu huyu kusoma. Wawili walivua kofia, wakaja kushika majembe. Léontine alisimama mbali kidogo na wanaume, chini ya migomba, akishika mwavuli usiozuia kitu.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa Selemani alichuchumaa upande wa kichwa. Alisoma kwa Kiarabu, kisha, kama ilivyo desturi, akamwita marehemu kwa lugha anayoielewa ili ajue kwamba ndiye anayesemeshwa.

"Ewe Ramazani," alisema, "mwana wa..."

Watu walisubiri lile neno la Hawa. Mvua ndogo ilianza. Selemani alikuwa ameweka kiganja juu ya udongo.

"Ewe Ramazani, mwana wa Mwamini," alisema.

Akaendelea hadi mwisho, bila kusita tena.


Walipokuwa wakirudi Léontine alimngoja njiani. "Papa Selemani, Mwamini ni nani?"

"Bibi yako. Mama ya baba yako." Alikuwa akijifuta matope kwa majani ya mgomba. "Yeye alikataa batizo. Mapadri bakasema, mutoto tutamukamata mu shule, lakini mama mupagani asiingie hapa. Bakamwandikia mama mwingine. Mwamini alikuwa anasimama ku ua ya shule saa ya kutoka, amuangalie mutoto akipita. Mutoto hakumusalimia. Balikuwa bamemukataza. Mama yangu angali binti, yeye njo alikuwa anasimama naye."

Léontine alishika mdomo. Yves, aliyekuwa nyuma yao, alisikia yote.

"Na ulijua tangu zamani," Léontine alisema.

"Nilijua."

"Pale nyumbani ulisema Hawa."

"Nilitaka kumunyima," mzee alisema. Akatupa lile jani, akaweka birika tupu kwapani, akashika njia ya sokoni bila kuaga.

Ndugu wawili walibaki wakishuka kilima pamoja. Yves alikuwa akigeuza ufunguo wa darasa mfukoni, akifikiria siku ya kwanza, na Bibiche, na ada za watoto. Midomo ya Léontine ilikuwa ikitembea. Alikuwa akilirudiarudia lile jina kwa pumzi, asilipoteze kabla ya kufika nyumbani.

"Unasema nini?" Yves aliuliza.

"Mwamini."

"Sema kwa nguvu, dada."

Akalisema kwa nguvu, na wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya njia wakainuka kutazama ni nani anayeitwa.